Dada, usiseme tena kwamba utatuchelewesha

Dada, shikamoo.

Ulituandikia, "Nendeni tu, mimi nitawachelewesha." Sikutaka kukujibu kwa neno moja mambo yakaishia hapo. Nakujibu leo kwa kirefu, tena hadharani, kwa kuwa naamini wako wengi wanaobaki nyumbani kwa sababu hiyohiyo.

Tulikwenda Maple Pass, kwenye milima ya North Cascades jimboni Washington, Marekani, mwanzoni mwa Oktoba. Njia yenyewe ni ya mzunguko, kilomita 11 na ushei. Unaanzia Rainy Pass kando ya barabara kuu namba 20, unapanda hadi kwenye mgongo wa mlima, mita 2,100 hivi kutoka usawa wa bahari, unatembea juu yake huku Ziwa Ann likiwa chini yako na kisiwa chake kidogo, kisha unateremka hadi ulikoanzia. Ukijumlisha, unapanda kama mita 600. Hakuna kamba, hakuna kuparamia miamba. Ni miguu na pumzi tu, na siku nzima ni yako.

Sasa sikiliza utaratibu wetu. Anayetembea polepole kuliko wote ndiye anayetangulia. Wenye kasi wakikaa mbele, kundi linakatika: wanafika mahali, wanakaa, wanakunywa maji, na yule wa nyuma akitokea tu wao wanainuka. Kwa hiyo aliyechoka kuliko wote ndiye asiyepumzika kabisa. Mimi siuoni huo kuwa urafiki. Safari hii aliyetangulia ni mwenzetu aliyeugua muda mrefu na ndiyo kwanza anarudi milimani. Akisimama, tunasimama. Hatukuwa tukimuuliza kila dakika kama yuko salama, maana maswali hayo nayo yanachosha.

Na kwa kuwa alisimama mara nyingi, tuliiona miti iitwayo lachi.

Lachi ni jamaa ya msonobari. Inazaa koni, majani yake ni membamba kama ya wenzake, na wakati wa kiangazi ukipita haraka huwezi kuitofautisha nao. Lakini majira ya mapukutiko yakifika, misonobari inabaki na ukijani wake, lachi inageuka dhahabu tupu, kisha inapukutisha kila kitu. Siku zinapofupika mti unaacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, na unavuta naitrojeni, kirutubisho kilichomo majanini, unaihifadhi, ndipo unayaachia. Manjano yale yalikuwemo tangu mwanzo, ila kijani kiliyafunika. Kule juu ardhi inaganda, mizizi haipati maji, na upepo wa baridi unanyausha chochote chenye jani. Lachi haiachi jani la kunyaushwa. Ndiyo maana inamudu kuishi juu kabisa, pale miti mingine inapokuwa midogo na kujikunja chini.

Mwenzetu alisimama kushika goti, karibu na mmoja wa miti hiyo, nami nikavuta tawi. Majani hayakuota moja moja. Yalitoka kwa mafungu, fungu moja likiwa na majani thelathini na zaidi, kila fungu juu ya kifundo kifupi cha tawi. Niliyagusa nikitarajia yachome, hayakuchoma. Halafu nikaona vitawi vya mwaka huu: vimefunikwa malaika meupe, laini kama manyoya ya kifaranga. Hiyo ndiyo alama ya lachi ya milima ya juu, ndugu yake wa mabondeni hana. Nimepita njia hii huko nyuma kwa mwendo wangu wa kawaida na sikuwahi kuyaona malaika yale.

Tulipofika kwenye mgongo wenyewe jua lilikuwa nyuma ya miti. Dada, siwezi kukueleza ile rangi, na picha nilizokutumia hazifikii hata nusu. Upepo ukipita, majani yanamwagika. Tulishuka nayo kwenye kofia na kwenye mikunjo ya makoti. Upande wa kusini mlima wa Glacier Peak ulionekana, nyeupe yote, mbali sana.

Yote haya hudumu wiki mbili hivi, kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba. Theluji au upepo mkali ukiwahi, yanakwisha mapema. Baadaye barabara yenyewe hufungwa kwa sababu ya theluji na maporomoko yake, mpaka majira ya kuchipua. Kwa hiyo lile neno lako, "siku moja nitakuja," haliifai miti hii. Tupange tarehe.

Kuhusu goti lako nimeshafikiri. Anayepanda kupitia Heather Pass, pengo la mlima lililo kwenye njia hiyohiyo, hupanda taratibu, ila akimaliza mzunguko kuna mteremko mkali upande wa Rainy Lake, na mteremko ndio unaoumiza goti kuliko kupanda. Basi sisi hatutauzunguka wote. Heather Pass iko chini ya kilomita 4 kutoka maegesho na lachi ziko palepale. Tukifika ukajisikia vizuri, tutaendelea juu ya Ziwa Ann kadiri utakavyotaka, halafu turudi kwa njia ileile. Wenzangu nimewaambia, wamekubali wote kabla sijamaliza sentensi.

Omba likizo mapema, siku ya katikati ya wiki, maana Jumamosi magari hupangana kando ya barabara kwa kukosa nafasi. Kibali cha kuegesha ninacho. Mvua ikinyesha tutasogeza siku, hatutaahirisha mwaka. Na vile viatu vyako vya zamani viache, soli zimekwisha. Agosti nitakupitia tukanunue vingine, uvitembelee kwanza mpaka mguu uvizoee.

Utatangulia wewe.

Mdogo wako