Kaka Idi, mrudishie Feisal kile kitabu

Kaka Idi,

Habari za masiku, za huko, shemeji hajambo, na Swaumu je, keshaanza kutembea au bado anatambaa kinyumenyume? Sisi huku wazima, Zuhura anakusalimu sana. Najua meseji zako tatu sijazijibu. Ile ya kwanza ilinikwaza kidogo, pale uliposema nimekuharibia mtoto, ila sikunyamaza kwa hasira, nlitaka nikujibu kwa kirefu na haya mambo kwenye simu hayaandikiki, unaandika mstari mmoja mtu anasoma jingine. Kwa hiyo nimekaa nakuandikia barua kama zamani, nivumilie.

Kwanza nikueleze ilivyokuwa maana naona umesikia upande mmoja. Siku ya nne tangu Feisal aje kwetu likizo alibanwa kidole na mlango wa gari, mlango nimeufunga mimi, nlishakuomba radhi na naomba tena. Nikausikia umegota haujafunga, kugeuka namkuta mtoto kasimama kimyaaa, kidole cha kati kiko ndani ya mlango, mdomo umekauka. Hakutoa hata sauti Idi. Nikafungua haraka, damu inakusanyika chini ya kucha naiona kwa macho yangu, kucha inakuwa nyekundu, mara zambarau, mara nyeusi, nikamwambia lia baba, lia tu, hiyo inauma. Akaniangalia akasema, "Mwanaume halii, anko. James Bond walimpiga mpaka akazimia na hakulia." Miaka 14! Machozi yamemjaa pomoni na anayazuia kwa nguvu zote, shingo imesimama mishipa. Usiku ule sikulala vizuri.

Kitabu chenyewe ni Casino Royale, ile riwaya ya kwanza kabisa ya Bond, yule jasusi wa Kiingereza wa kubuni, aliyoandika Ian Fleming, 1953, nlikuwa nayo kabatini tangu Chande aniachie. Nikaja kugundua alikuwa anaisoma kwa kurukaruka, anatafuta penye kamari na penye kipigo. We sasa umemnyang'anya umefungia, unasema ndo imemtia roho ya chuma. Mi naomba umrudishie hicho hicho, tena leo, maana hajafika mwisho.

We mwenyewe umewahi kufika mwisho? Vesper, yule mwanamke anayependana na Bond, anajiua kwa vidonge, anamwachia Bond barua anakiri alikuwa anawafanyia kazi Warusi, sababu walikuwa wamemshika mpenzi wake wa zamani. Bond anamaliza kusoma, anajigonga kichwani kwa ngumi zote mbili, anaangalia bahari, anatoa tusi, halafu macho yanamlowa na anayafuta. Imeandikwa kabisa, si mimi naongeza. Kisha anavaa shati na suruali, uso umekuwa wa baridi, anashuka chini anajifungia kwenye kibanda cha simu, anaripoti London kwamba yule mwanamke alikuwa wa upande wa pili, na anamalizia kwa kumtukana marehemu ambaye hata hajazikwa. Kitabu kimeisha hapo.

Yaani kilio kimepewa sentensi moja, fupi, halafu likaja tusi la kukifunika. Nimeirudia hiyo kurasa kama mara sita tangu Feisal aondoke, na kila nikisoma naona tusi lile ndo kilio chenyewe kimetokea mlango mwingine.

Na jiulize kwanini mtu kama Bond alipendwa vile wakati ule. Uingereza ilikuwa imetoka vitani miaka 8 tu nyuma, sukari na nyama bado ni kwa mgao, India imeshaondoka 1947, dola lote linapungua. Akatokea mwanaume anayekula anachotaka, anaendesha Bentley, hana mke wala mtoto wa kumuuliza ulikuwa wapi. Mi naona walikuwa wanajifariji, na sisi tukaja kuchukua faraja ya watu wengine tukaifanya sheria ya kulelea watoto wetu.

Maana kabla yake mambo hayakuwa hivo moja kwa moja. 1902 kuna A.E.W. Mason, riwaya ya manyoya manne, kijana anajiuzulu jeshi kabla ya kupelekwa vitani, wenzake watatu wanampa kila mmoja unyoya mweupe wa woga, na mchumba wake anaongeza wa nne. Ile ni hadithi tu, lakini Agosti 1914, vita kuu ya kwanza ilipoanza, wanawake Uingereza walianza kugawa manyoya meupe kweli, njiani, kwa vijana ambao hawajavaa sare. Nikifikiria hilo nachoka. Hata wakubwa waliopanga vita hawakuhitaji kumlazimisha kijana, aibu ilishafanya kazi yao. Na waliokwenda wakavunjika huko, wengine walipigwa risasi na jeshi lao wenyewe, 306 kwa kutoroka na kwa woga na makosa kama hayo, wakaja kusamehewa 2006. Karibu miaka 90, wajukuu wanaishi na aibu ya babu.

Remarque sasa, yule mwandishi Mjerumani, huyo alikuwa askari kwenye mahandaki upande wa Ujerumani na alijeruhiwa 1917. Riwaya yake ya 1929, All Quiet on the Western Front, unaikumbuka, tuliisoma kwa zamu mimi na we na Chande mpaka jalada likatoka. Kuna pale Paul, yule askari kijana wa Kijerumani, kajificha kwenye shimo la bomu, Mfaransa anamdondokea, anamchoma kisu. Halafu yule mtu hafi haraka. Anakaa naye humo saa na saa, anamnywesha maji, anamfunga majeraha aliyomtia mwenyewe. Akishakufa anaongea naye, anamwomba msamaha, anafungua pochi anakuta picha ya mke na mtoto wa kike, na kwamba alikuwa mchapaji, jina lake Gérard Duval. Adui kapata jina na kazi. Sijawahi kusoma mwanaume aliyeandikwa kiume kuliko pale, na hakuna alichofanya zaidi ya kufunga jeraha na kuomba msamaha. Wanazi walikichoma hicho kitabu 1933, kwa hiyo walielewa vizuri kinasema nini.

Kile cha Pat Barker, Regeneration, nilichokuletea kwenye harusi ya Mwanaidi umekisoma au kiko bado kwenye nailoni? Kile cha hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh, 1917, maofisa waliopata mshtuko wa vita wanatibiwa na Daktari Rivers. Wengine hawawezi kusema, wengine wanapiga kelele usiku. Sassoon na Owen washairi walikuwepo pale kweli. Kuna hoja moja mle ndani imenikaa, kwamba vita iliwaahidi wanaume vitendo, ikaishia kuwaketisha shimoni kusubiri bomu, hawana la kufanya, na wale maofisa wadogo wakageuka kama mama wa askari wao, nani ana soksi kavu, nani miguu imeoza. Kumbe kwenye kitu tunachoita cha kiume kuliko vyote, kazi yao ya kila siku ilikuwa ni kulea.

Nimeenda mbali. Ninachotaka kusema ni kwamba Feisal anadhani kuna mwanaume wa aina moja tangu dunia iumbwe na kazi yake yeye ni kufanana naye. Wakati hata humo humo kwenye ujasusi, 1961 tu, mwandishi John le Carré, ambaye alikuwa ndani ya hiyo kazi mwenyewe, akamtoa jasusi wake wa kubuni George Smiley, mfupi, mnene, nguo hazimkai, mke kamkimbia, anafuta miwani yake kwa tai. Anashinda kwa kusikiliza! Na juzijuzi sinema ya Bond ya 2021, nenda kaitazame naye, jamaa anapiga magoti na kuomba radhi adui asimdhuru mtoto, na mwishoni anakufa huku kidoli cha binti yake anacho mwilini. Ndo huyo huyo aliyefuta macho akaenda kwenye simu, imemchukua miaka 68.

Idi, hili la mwisho usinikasirikie. Siku mama alipofariki uliingia kwenye gari ukapandisha vioo, ukapiga simu moja baada ya nyingine, mama amefariki, mazishi kesho saa saba, mama amefariki, mazishi kesho saa saba. Mi nlikuwa nimesimama nje nakuona mdomo unavyoenda. Ulivyotoka macho mekundu makavu, cha kwanza ulimfokea Kassimu kwa ajili ya viti, ukamtukana mbele za watu, na yeye aliyejua kwanini akanyamaza. Feisal alikuwa na miaka 10, alikuwa kasimama pembeni yangu kanishika mkono. Aliona yote, jinsi ulivyokaa garini na jinsi ulivyotoka. Sasa nikisoma kile kibanda cha simu cha kwenye kitabu naiona ile gari yako.

Kwa hiyo sidhani kama ni Fleming. Wala sikulaumu, mi mwenyewe nlipoona kidole chake kitu cha kwanza kilichotaka kunitoka mdomoni ni "jikaze", nikakimeza. Baba yako alikuambia jikaze, wangu vile vile, na wao waliambiwa. Ila we una mtoto anayesoma, hiyo ni nafasi kubwa. Mrudishie kitabu, mwambie asome sura ya mwisho, polepole asiruke, na ukae naye. Ukiweza mweleze ya siku ile ya gari. Kama huwezi usiseme kitu, kaa tu.

Nimwekee cha Remarque, au bado ni mdogo? Mi naona anakiweza, shemeji anasemaje? We uliwahi kumwomba msamaha Kassimu, au mliacha likapita? Na ulilia lini Idi, maana sikuwahi kukuuliza na tumekuwa pamoja miaka yote hii? Utakuja mwezi ujao au ndo utaahirisha tena? Na ile kucha ya Feisal imeng'oka, au imeshaanza kuota nyingine?

Nduguyo,
Mussa