Mama, beseni sikununulii

Guangzhou, Jumapili usiku

Mama, shikamoo.

Ujumbe wa Shangazi nimeusikiliza mara mbili, wa kutaka nikununulie beseni la umeme la kuloweka miguu "kama Wachina". Sikutaka kumjibu kwa maneno ya kusikia, nikaenda kujionea.

Juzi nilishinda kwenye masoko ya jumla, jioni miguu imejaa ndani ya viatu. Mwenzangu Mguinea akanivuta hadi nyumba moja ya kukanda miguu, ghorofa ya tatu. Unakaa kwenye kochi, unaletewa chai, halafu ndoo ya mbao yenye maji ya moto ya majani makavu wanayoyaita aicao. Nikanusa nikakumbuka pakanga. Kumbe ni ndugu kabisa.

Aliyenikanda ni dada mwembamba, vifundo vya vidole vimeota sugu. Akikunja kidole cha shahada kinakuwa nyundo. Akabonyeza katikati ya wayo, nikaruka. Akacheka: figo hizo! Akaja kwenye kidole gumba: kichwa, hulali vizuri. Hapo alipatia, lakini ni mfanyabiashara gani anayelala vizuri mzigo wake ukiwa bandarini?

Ukutani kuna picha ya nyayo mbili zimegawanywa kama ramani, moyo kushoto, ini kulia. Nami nikadhani yote ni urithi wa mababu zao. La kale kweli ni habari za qi, ile nguvu wanayosema hupita mwilini, na kishimo cha wayo kiitwacho Yongquan, yaani chemchemi inayobubujika, ambapo huanzia njia ya figo. Ramani yenyewe ina mkono wa Wamarekani: daktari William Fitzgerald aliandika kitabu mwaka 1917, Eunice Ingham akaichora miaka ya 1930. Taiwan nako aliyeivumisha ni padri Mswisi, Josef Eugster! Mwambie Shangazi hilo, nataka kusikia atasemaje.

Raha niliipata, sikatai, na usiku ule nililala fofofo. Ila figo, Mama, hupimwa kwa damu na mkojo.

Sasa wewe. Kabla sijatia mguu ndooni, yule dada aliuliza kwanza: una kisukari? Ningesema ndiyo, asingenipa maji ya moto. Nikakukumbuka ulivyokanyaga mwiba wa samaki, hukujua mpaka ulipoona damu kwenye mkeka. Miguu yenye ganzi namna hiyo itaungua wewe ukiendelea na hadithi zako.

Kwa hiyo beseni nitamletea Shangazi, miguu yake bado inahisi. Wewe nimekununulia viatu vipana vya soli laini na soksi za pamba zisizobana. Vimo ndani ya furushi la mapazia lenye utepe mwekundu, wasilifungue dukani. Na kila jioni mjukuu wako akumulike nyayo kwa tochi ya simu, hadi katikati ya vidole. Akiona hata lengelenge, kliniki kesho yake, usingoje siku ya dawa.

Mwanao,
kitinda mimba