Boksi la paa lisizibwe lote

Mhariri,

Ukipita Kimara, Goba au Madale hapa Dar es Salaam utaona nyumba mpya zimepauliwa kwa bati la migongo mipana, ndani dari ya jipsamu, na chini ya upenu boksi la PVC (mbao za plastiki) lililozibwa pande zote nne. Hewa iliyo kati ya bati na dari haina pa kuingilia wala pa kutokea. Mchana inachemka, na usiku watu wamelala bado dari inawashushia joto. Sisi mafundi wa kupaua tunawaomba wachoraji wa ramani waonyeshe matundu ya hewa ya paa, ukubwa wake na mahali yanapokaa, kabla fundi hajapanda juu. Ramani nyingi tunazoletewa hazina hata mstari mmoja juu ya jambo hili.

Kipimo kipo. Kanuni ya nyumba za kuishi inayofuatwa katika majimbo mengi ya Marekani, IRC, kifungu R806, inataka mita ya mraba 1 ya uwazi kwa kila mita za mraba 150 za dari. Kwa nchi za joto kama yetu inatosha 1 kwa 300, mradi asilimia 40 hadi 50 ya uwazi iwe juu, si zaidi ya sentimita 91 chini ya kofia (bati linalofunika kilele cha paa), na uliobaki uwe theluthi ya chini ya paa. Hewa ya moto hupanda. Ikikosa tundu la chini, itavuta hewa ya vyumbani kupitia matundu ya taa.

Chukua nyumba ya mita 12 kwa 10. Dari ni mita za mraba 120. Gawa kwa 300 unapata 0.4, yaani sentimita za mraba 4,000: 2,000 juu na 2,000 chini. Huo ni uwazi halisi, baada ya kutoa eneo linalozibwa na wavu na vibati vya luva (tundu lenye vibati vilivyoinama kuzuia mvua), na hapa ndipo wengi wanapokosea. Chini, acha ufa wa sentimita 2.5 kwenye boksi la pande mbili ndefu. Unapata 6,000; wavu ukila nusu, zinabaki 3,000. Juu, kila ukuta wa pembetatu weka luva ya sentimita 60 kwa 50, uhesabu theluthi tu ya eneo lake: 1,000 kila upande. Chini kukizidi juu si kosa. Juu kukizidi chini, paa litanyonya vumbi na hewa ya ndani.

Paa la pande nne ndilo linalosumbua. Nyumba hiyo hiyo ikipauliwa hivyo, kofia ya juu inabaki na mita 2 tu, na ukuta wa pembetatu haupo. Hapo tumia vichwa vinavyozungushwa na upepo: chenye shingo ya sentimita 30 kina uwazi wa karibu sentimita za mraba 700, kwa hiyo weka vitatu. Toboa kati ya kenchi na kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), karibu na kofia. Ukingo wa juu wa bati la kitako cha kichwa hicho lazima uingie chini ya kofia, na ukingo wa chini ulale juu ya bati la paa. Fundi akilipachika juu juu na kulizungushia silikoni, jua litaipasua, maji ya mvua yatatuama nyuma ya kitako na kuingia ndani.

Wavu uwe na matundu yasiyozidi milimita 6, popo na panya wasipite. Wavu wa mbu tunaukataa hapa kwa sababu vumbi na rangi huuziba upesi. Mbu azuiwe na dari yenyewe, iliyozibwa vizuri kwenye kona na kwenye taa. Pwani usitumie wavu wa chuma, chumvi inaula. Nunua wa alumini. Na bomba la feni ya choo litoke nje kabisa, lisiishie juu ya dari.

Wenzetu wa Njombe, Iringa na Mbeya wana shida nyingine: jasho la bati. Alfajiri ya baridi mvuke unageuka matone ya maji chini ya bati na kudondokea jipsamu, nao wanaita fundi kuziba mvua. Tazama doa. La mvua linakaa mahali pamoja na hukua baada ya mvua. La jasho huja asubuhi ya kiangazi, matone yamejipanga mstari kufuata papi (mbao zinazopigiliwa bati). Silikoni haitibu hilo.

Kwa nyumba iliyokwisha kuzibwa, anza chini: ng'oa ubao mmoja wa PVC kila upande mrefu, weka wavu, na chungulia kwa tochi kama ukuta haukujengwa hadi kugusa bati. Umegusa? Hewa haitapita hata boksi likiwa wazi. Toboa tofali la juu kati ya kenchi kwanza. Luva za juu ziwekwe baada ya hapo.

Mafundi wa kupaua,
Dar es Salaam