Geji ilisoma mia mbili, mbona gesi imepungua usiku?

Lalamiko linaloongoza hapa gereji kwetu kutoka kwa wenye magari ya gesi asilia ni hili: "Nilijaza Dar jioni, geji ikasoma bar 200. Nikaegesha nyumbani nipakie mizigo. Asubuhi naanza safari ya Dodoma, mshale umeshuka na gari halijatembea. Huo mfumo mliofunga unavuja." Tunazunguka na maji ya sabuni kiungo kwa kiungo, kuanzia valvu ya mtungi mpaka regulata (kifaa kinachopunguza presha ya gesi), na mara nyingi hakuna povu hata moja. Gesi haikwenda popote. Ilipoa.

Presha ya bar 200 ya mtungi wa gari imepangwa kwa gesi yenye joto la nyuzi 15. Wakati wa kujaza, gesi inayoingia inaigandamiza ile iliyotangulia, na gesi ikigandamizwa inapata joto. Aliyewahi kujaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono anajua pampu inavyopata moto kule chini. Ukijaza polepole kwa saa kadhaa, joto linapata muda wa kutoka kupitia ukuta wa mtungi. Ukijaza kwa dakika chache, kama sote tunavyotaka tukiwa kwenye foleni, joto linabaki ndani. Gesi ya moto inasukuma kwa nguvu zaidi, kwa hiyo geji inagonga 200 wakati kilo zilizoingia bado ni pungufu. Upungufu huo unaweza kufika hata moja ya tano ya uwezo wa mtungi. Mtungi wa lita 60, ambao hubeba takriban kilo 10, unaweza kuondoka kituoni na kilo 8 na ushee. Usiku ukipoa, geji inakuonyesha hali halisi.

Wengine hawatuamini kwa sababu walishika mpira wa kujazia wakaukuta baridi, una jasho kama chupa ya soda. Ni kweli, gesi asilia ikipita kwenye tundu dogo na kupoteza presha inapoa. Lakini fungua buti uweke kiganja kwenye mtungi wakati huohuo. Unakuta mpira baridi na mtungi wa moto, vyote kwa gesi ileile.

Siku hizi wateja wanatuuliza pia kuhusu magari ya haidrojeni, na tunafurahi kulijibu swali hilo kwa sababu huko tatizo hili ni kubwa zaidi na wamelishughulikia kwa umakini. Haidrojeni haipoi inapopoteza presha katika joto la kawaida, bali inaongeza joto. Halafu inapata joto tena inapogandamizwa ndani ya mtungi. Na presha yake si mchezo: bar 350 kwa mabasi na malori mengi, bar 700 kwa magari madogo. Ingekuwa unafungulia tu bomba, kuta za plastiki na nyuzi za kaboni za mtungi zingeharibika. Hata hivyo gari kama Toyota Mirai hujaza kilo 5 na zaidi kwa dakika tano hivi.

Wanaweza kwa sababu kituo kinaipoza gesi kwanza, hadi karibu nyuzi 40 chini ya sifuri, kabla haijafika kwenye nozeli. Kisha gari na pampu vinaongea. Kwenye nozeli kuna mwanga usioonekana kwa macho unaopeleka taarifa za joto na presha ya mtungi, na pampu inarekebisha kasi kwa kufuata taarifa hizo. Joto la ndani haliruhusiwi kuvuka nyuzi 85. Utaratibu huo umeandikwa kwenye kiwango cha kimataifa kiitwacho SAE J2601. Kwa hiyo mtu akikuambia kujaza haraka ni hatari moja kwa moja, mwambie inategemea nani anaangalia joto.

Mitungi yetu ya gesi asilia haina maongezi hayo. Pampu nzuri hupima joto la hewa na kukadiria pa kukomea, basi. Ndiyo maana tunawasihi msimbembeleze mhudumu wa kituo "aongeze kidogo" baada ya pampu kukata. Kama umepungukiwa kwa sababu ya joto, dawa ni subira: sogeza gari, kunywa chai, rudi uongezee. Jaza pia kabla mtungi haujakauka kabisa, maana mtungi ulio karibu na sifuri ndio unaopata joto kali zaidi wakati wa kujazwa. Na anayeondoka Dar alfajiri akajaza kukiwa na ubaridi anafika mbali kuliko anayejaza saa nane mchana.

Jua la Dodoma linawatisha wengi. Mtungi uliojazwa sawasawa bar 200 kwa nyuzi 15, gari likisimama juani Sabasaba mwezi wa Oktoba, unaweza kusoma zaidi ya 220. Hilo limeshahesabiwa. Mtungi uliotengenezwa kwa ISO 11439, kiwango cha kimataifa cha mitungi ya gesi ya magari, unaruhusiwa kufika bar 260 ukiwa na gesi ya moto, na kiwandani hupimwa kwa bar 300. Tena una kizibo cha usalama kinachofunguka kwenye joto la nyuzi 110 hivi, ili gari likishika moto gesi itoke kwa njia yake kabla mtungi haujapasuka. Mtungi mzima haupasuki kwa jua.

Tunachokiogopa sisi ni mtungi usio mzima, na viungo ambavyo hakuna aliyevishika tangu siku ya kufungwa. Juni 2019 kituo cha haidrojeni karibu na Oslo, Norwei, kililipuka. Wachunguzi hawakukuta kosa la kasi ya kujaza. Walikuta bolti za kizibo cha mtungi mmoja wa akiba hazikukazwa ipasavyo wakati wa kuunganisha, gesi ikaanza kuvuja kidogo kidogo mpaka ikashika moto. Teknolojia yote ile ya kupoza na kupima, halafu bolti. Habari hiyo tunaitumia kumfundisha kila kijana anayekuja kujifunza kazi hapa: spana ya kupimia nguvu ya kukaza haiachwi kwenye boksi.

Kwenye magari yanayotoka barabara za vumbi, kuanzia Kongwa hadi Chamwino, tunakuta ugonjwa mmoja mara kwa mara. Ule mkanda wa chuma unaoshika mtungi una mpira chini yake. Mpira ukisogea, vumbi linaingia, mvua ya Januari inalilowesha, tope linakauka na kubaki limeshikamana pale. Kwa nje mtungi unang'aa. Ukifungua mkanda unakuta duara la kutu limekula chuma, na kwenye mitungi iliyozungushiwa nyuzi unakuta nyuzi zimesagika. Huwezi kuliona hilo ukiwa umesimama nyuma ya buti. Ndiyo sababu hatukubali kusaini ukaguzi bila kushusha mtungi, hata mteja akiwa na haraka ya kurudi ofisini Mtumba, mji wa Serikali.

Tukishaushusha tunasoma chapa iliyopigwa kwenye mtungi: tarehe ya kutengenezwa, presha ya kazi, ujazo, namba. Mtungi una mwisho wa maisha yake, mingi ni miaka isiyozidi 20, na tarehe ikipita hatuurudishi kwenye gari kwa bei yoyote. Mtungi uliochomelewa hatuupokei, wala uliopakwa rangi mpya juu ya chapa. Na tafadhali, mtungi wa gesi ya kupikia usifungwe kwenye mfumo wa gesi asilia. Umetengenezwa kwa presha ya chini mno, na hakuna fundi mwenye dhamana atakayeshiriki jambo hilo.

Kuhusu harufu: gesi asilia ya magari hutiwa harufu makusudi, kwa hiyo pua yako ni kifaa cha kwanza. Ukiinusa, zima gari, shusha abiria, fungua milango na buti. Gesi hii ni nyepesi kuliko hewa, ikipata upenyo inapanda na kupotea.

Ukija kwa ukaguzi, njoo na cheti cha kufungiwa mfumo na cha ukaguzi uliopita. Njoo gesi ikiwa karibu kwisha, gari likitembelea petroli, kwa sababu mtungi uliojaa hatuushushi siku hiyo. Lilete gari asubuhi na mapema: tunasoma geji kwanza gari likiwa limepoa, ndipo tunagusa spana.