Mtazame mdudu kabla ya kumpulizia dawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu mimea ya majani manene, ile ambayo wengi siku hizi huiita sakulenti, inayopandwa vyunguni barazani na madirishani. Ushauri unaotolewa kuihusu mara nyingi ni wa maneno machache: mwagilia mara moja kwa wiki, na ukiona mdudu pulizia dawa. Agizo la kwanza linaua mmea. La pili linaua viumbe wadogo wanaoulinda, na hilo ndilo lililonisukuma kuandika.

Nianze na maji. Chungu kidogo cha udongo wa kuchomwa kilichowekwa juani hukauka kwa siku mbili tatu, ilhali cha plastiki kilicho kivulini chaweza kukaa na unyevu majuma matatu. Ratiba moja itaifaaje mimea yote miwili? Chukua kijiti kikavu, kichomeke mpaka karibu na kitako cha chungu, kiache dakika tano, kisha kichomoe. Kikitoka na rangi iliyokolea au kimeganda udongo, ngoja. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke tunduni, na yaliyotuama sahanini yamwage.

Majani nayo husema, ila wengi huyasoma vibaya. Mmea wenye kiu, majani yake ya chini hulegea na kuingia makunyanzi, lakini rangi hubaki ileile. Mmea unaooza, majani hugeuka ya manjano yenye kuonesha ndani kama yaliyochemshwa, na ukiyagusa tu yanapukutika. Kwa kuwa hali zote mbili huanza na jani kulegea, mtu huona mmea unaooza akadhani una kiu, akauongezea maji. Kinachoua hapo ni kukosa hewa: mizizi hupumua, na nafasi zilizo kati ya punje za udongo zikijaa maji, oksijeni huisha, mizizi hufa, kisha kuvu huingia kwenye kidonda. Ukiwahi, kata shina kwa kisu safi mpaka ufikie nyama isiyo na doa la kahawia hata moja, acha kidonda kikauke kivulini siku tano hadi saba, kisha pandikiza upya kwenye udongo mkavu. Usimwagilie mpaka uone dalili ya mizizi.

Udongo wenyewe uwe sehemu mbili za changarawe ya milimita 3 hadi 6 na sehemu moja ya mboji iliyoiva, iliyochekechwa. Mchanga laini haufai, maana punje zake huziba nafasi zilezile tunazotaka ziachwe wazi. Wa ufukweni ndio kabisa, una chumvi. Na ile desturi ya kutandika kokoto chini ya chungu “ili maji yashuke” iachwe. Maji hayatoki kirahisi kwenye udongo wa punje ndogo kwenda kwenye kokoto. Hung'ang'ania juu ya tabaka hilo, na sehemu yenye unyevu mwingi husogea karibu zaidi na mizizi. Tundu moja kubwa kitakoni lina faida kuliko kokoto kilo nzima.

Sasa nije kwa wadudu, na hapa naomba msomaji awe na tochi. Mimea mingi ya namna hii hufunga vitundu vya majani mchana ili isipoteze maji, ikavifungua usiku na kuvuta kaboni dayoksaidi, ambayo huihifadhi kama asidi mpaka jua lichomoze. Mtaalamu wa mimea Benjamin Heyne, aliyekuwa akifanya kazi India, alieleza mwaka 1815 jinsi jani la mmea wa jamii ya kalanchoe lilivyokuwa chachu alfajiri na kupoteza ladha ifikapo adhuhuri. (Msijaribu kuonja: kalanchoe zina sumu inayodhuru moyo, na paka na mbwa huugua wakizitafuna.) Basi usiku mmea uko kazini, na wageni wake wengi nao hutoka wakati huohuo. Kuanzia saa mbili usiku, robo saa ya kumulika pole pole itakuonesha mengi kuliko mchana kutwa. Funika tochi kwa karatasi nyekundu ya nailoni. Wadudu wengi hawaioni vizuri rangi hiyo, kwa hiyo hawakimbii.

Adui mkuu ni kidung'ata. Ni mdudu laini wa milimita 3 hadi 5, kajipaka unga mweupe wa nta, na hujibana mahali jani linapokutana na shina. Hufyonza utomvu, hutoa maji matamu, na juu ya maji hayo huota ukungu mweusi kama masizi. Tiba yake ni spiriti ya asilimia 70 kwenye ncha ya pamba ya kusafishia masikio, mdudu mmoja baada ya mwingine, jioni jua likishatua. Rudia kila baada ya siku saba, mara tatu au nne, kwa sababu mayai yaliyofichwa kwenye nyuzi nyeupe hayafi yote mara ya kwanza. Jaribu kwanza kwenye jani moja: ule unga wa kijivu uliofunika majani ya echeveria, sakulenti ambayo majani yake hujipanga kama ua, ni kinga yake dhidi ya jua, na spiriti, sabuni, hata kidole chako, huufuta. Jani lililokomaa haliurudishi. Mmea ukidumaa bila sababu, ung'oe utazame mizizi, maana wako vidung'ata wanaoishi chini ya udongo. Osha mizizi yote, tupa udongo ule, kausha mmea siku kadhaa, panda upya.

Lakini kabla ya kugusa pamba, tazama. Yupo mdudu mwingine mweupe, mwenye nyuzi za nta, anayetembea katikati ya vidung'ata, na wengi humwua wakidhani ni kidung'ata mkubwa. Ni buu, yaani mtoto, wa mdudu-kibibi (mbawakawa mdogo wa mviringo) aitwaye Cryptolaemus montrouzieri. Tofauti ziko wazi ukishika lenzi ya kukuza mara kumi, ukaiweka karibu na jicho na kuusogeza mmea kwake. Nyuzi za kidung'ata ni fupi, zimepangika pembeni mwa mwili kama pindo la shali. Za buu ni ndefu, zimejisokota ovyo, na mwili wenyewe hufika milimita 13, zaidi ya mara mbili ya anayemla. Mguse kwa ncha ya brashi: kidung'ata hujikokota, buu huondoka mbio. Mgeuze buu chali uone miguu sita imara inayochezacheza. Ya kidung'ata ni mifupi, huioni ila kwa kutafuta. Jike mkubwa, ambaye ni mweusi mwenye kichwa cha rangi ya chungwa, hutaga mayai yake ndani ya pamba ya mayai ya kidung'ata, ili watoto waamke mezani. Mdudu huyu alipelekwa California kutoka Australia mwaka 1891 kwa kazi hiyohiyo. Kidung'ata wa muhogo naye alidhibitiwa Afrika na nyigu mdogo sana, Anagyrus lopezi, aliyeletwa kutoka Amerika Kusini na kuachiwa kuanzia mwaka 1981. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Hawa si wadudu wa mapambo.

Ukimwona huyo buu, weka spiriti kando na ushughulike na sisimizi. Sisimizi hunywa yale maji matamu, kwa hiyo humlinda kidung'ata na kuwafukuza wanaomwinda. Weka chungu juu ya kikombe kilichofudikizwa katikati ya sahani ya maji yenye tone la sabuni, na hakikisha hakuna jani linalogusa ukuta, maana jani moja ni daraja tosha. Maji yabadilishwe kila siku tatu, mbu wasipate pa kuzalia.

Kwenye mabua ya maua hukusanyika vidukari, wadudu wadogo laini ambao nao hufyonza utomvu. Hapo pia tafuta kwanza. Kidukari aliyevimba akawa rangi ya shaba, ameganda papo hapo na ana kitundu cha duara mgongoni, ameshaliwa na nyigu mdogo aliyekulia ndani yake. Wale wasio na kitundu bado wana nyigu ndani, kwa hiyo bua hilo lisikatwe. Kidude cha kijani kisicho na miguu, kinachofanana na konokono aliyepoteza gamba, ni buu wa nzi wa maua, naye kazi yake ni kula vidukari.

Zile dawa zinazonyunyiziwa udongoni zikapanda mpaka kwenye majani, kama imidaklopridi, naziona hazina nafasi barazani. Hazibagui: sumu hufika hadi kwenye nekta ya ua, na nyuki akaibeba. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi yake mashambani mwaka 2018, ukaacha tu mabanda ya kudumu ya kuoteshea.

Buibui anayeruka, yule mfupi mwenye macho mawili makubwa mbele, ambaye ukimsogelea hugeuka kukutazama, hatandi utando wa kunasia na hana haja na mtu. Mjusi kafiri hana sumu, pamoja na yote yanayosemwa juu yake. Hana kope, ndiyo maana utamwona akilamba jicho lake kulisafisha. Ni kweli naye hula buibui na wadudu wetu wazuri, lakini nondo na mende anaowamaliza usiku ni wengi zaidi. Kigae cha chungu kilichovunjika, kikilazwa penye kivuli na unyevu, humpa chura pa kujificha mchana, na usiku atakusaidia kwa konokono.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Ukurasa wa bustani utakapozungumzia tena wadudu wa vyunguni, chapisha picha mbili kubwa, bega kwa bega: kidung'ata upande huu, buu wa mdudu-kibibi upande ule. Picha hizo zitangulie jina la dawa yoyote.

Ni mimi msomaji wako,
Mpanda sakulenti