Vijana wa kompyuta wafundishwe kupima mtandao

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nieleze jambo linalowagharimu wenye stesheneri na ofisi ndogo za hapa Mwanza, kuanzia Mlango Mmoja hadi Igoma. Mtandao ukikatika, wateja waliokuja kujaza fomu za mkopo wa elimu ya juu hupanga foleni, na mwenye duka, asijue ubovu uko wapi, huzima ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti dukani, na kuiwasha. Akishindwa humwita fundi, ambaye naye, kwa malipo, huzima ruta na kuiwasha. Kwa mwenzetu wa Nansio, fundi huyo pengine avuke ziwa kwanza.

Kipimo kimo ndani ya kompyuta yenyewe, katika kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri ambacho wengi hudhani ni cha wadukuzi. Kwenye Windows, amri ya ipconfig, inayoonyesha anwani ya namba ya kompyuta kwenye mtandao, ikitoa anwani inayoanza na 169.254, maana yake kompyuta imejipangia anwani yenyewe baada ya kuikosa kutoka kwenye ruta, kwa hiyo tatizo litafutwe humo humo dukani kabla ya kumlaumu mtoa huduma. Anwani ikiwa sawa, hufuata ping, programu ya kutuma ujumbe mfupi na kupima muda wa jibu, aliyoiandika Mmarekani Mike Muuss mwaka 1983: ielekezwe kwanza kwenye ruta, kisha kwenye 8.8.8.8, anwani ya Google. Ruta ikijibu na Google isijibu, shuku njia iliyo nje ya duka, ingawa zipo seva, yaani kompyuta zinazotoa huduma mtandaoni, zilizozuiwa makusudi zisijibu ping, hivyo kimya cha anwani moja hakitoshi kuwa ushahidi.

Linalowapoteza watu zaidi ni pale 8.8.8.8 inapojibu vizuri huku tovuti zikigoma kufunguka. Hapo intaneti ipo. Kinachoshukiwa kwanza ni huduma ya kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, na amri ya nslookup hulithibitisha hilo mara moja.

Muda wa majibu nao una maana. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo seva ya Ulaya kuijibu Mwanza baada ya milisekunde 150 si ugonjwa. Ruta iliyo mezani ikichukua muda huo huo, huo ni ugonjwa, na mara nyingi ni Wi-Fi iliyoelemewa.

Kozi fupi za kompyuta mjini hapa hutumia wiki nyingi kufundisha kuchapa barua na kuchora majedwali. Naomba walimu watenge walau vipindi vichache kwa amri hizi. Watoa huduma nao, mteja anapopiga simu akiwa na majibu ya ping na ya tracert, amri inayoonyesha vituo ambavyo ujumbe hupitia, mkononi, wawaelekeze wahudumu wao wayaandike pamoja na saa yalipopatikana na kuyafikisha kwa mafundi, badala ya kumrudisha mteja kwenye swichi ya ruta.

Msomaji wako,
Nyakato, Mwanza