Miche yetu haikuwa mibovu, samadi yako ndo ilikuwa mbichi

Wiki iliyopita nimepokea voisi noti ya dakika nne na ushee kutoka kwa dada mmoja wa Tabata, na ndani ya hizo dakika nne neno "wezi" limetajwa mara tatu. Sisi tunauza miche ya mboga na samadi, na tunafunga matuta majumbani hapa Dar. Dada huyo alichukua kwetu miche 40 ya sukuma wiki na 20 ya chainizi, siku ya sita yote ikalala chini kama imemwagiwa maji ya moto, kwa hiyo anataka hela yake na anataka watu wote wajue tunauza miche mibovu. Sikumjibu kwa maandishi, nikapanda bajaji nikaenda, kwa sababu hii kesi naijua, kila Februari ikielekea ukingoni na watu wakianza kunusa mvua inakuja hivi hivi, mteja tofauti maneno yale yale.

Nafika, tuta zuri sana, limenyooka, mistari kama ya daftari. Ila kabla sijalifikia harufu ishanikuta, ile inayochoma pua mpaka macho yanalenga machozi. Nikachomeka mkono kwenye udongo, joto. Yani joto kabisa, kama sufuria ya uji iliyoepuliwa muda si mrefu. Nikang'oa mche mmoja, mizizi ambayo ilitoka kwetu myeupe imekuwa ya kahawia na inateleza ukiifikicha. Nikamuuliza dada, samadi hii umetoa wapi? Kumbe jirani anafuga kuku wa nyama, kasafisha banda Jumamosi, akamuachia viroba vitatu kwa elfu mbili mbili, maranda bado ya njano humo ndani. Jumapili kachanganya, Jumatatu kapandikiza. Kwetu kiroba ni 6,000, kwa hiyo kaokoa elfu kumi na mbili na kaua miche ya elfu tisa, afu kapoteza wiki tatu maana hilo tuta inabidi limwagiwe maji na kugeuzwa kwanza lipoe ndo liguswe tena.

Jamani samadi ya kuku ni kali kuliko zote. Ikiwa mbichi inatoa joto na ile hewa ya kuchoma, na ina chumvi nyingi, mzizi mchanga hauwezi kukaa humo. Sisi ya kwetu tunairundika chini ya turubai, tunailoweka, tunaigeuza kila wiki kwa wiki nane mpaka iwe nyeusi, inapukutika, na ukiinusa unasikia harufu ya ardhi baada ya mvua. Hizo wiki nane ndo ile 4,000 ya ziada mnayotupigia kelele, kijana anayegeuza anakula, turubai linachanika, na kiroba kimoja kilichoiva kimetokana na karibu viwili vya mbichi kwa sababu inasinyaa.

Kama umeshanunua kwingine na hujui imeiva au la, usiniulize kwa picha, picha hainuki. Chukua kopo la maziwa litoboe chini, jaza huo mchanganyiko wako, tupia mbegu za mchicha za shilingi mia mbili, mwagilia. Mchicha ukiwa na afya unachomoza siku ya tatu mpaka ya tano. Siku ya saba kopo bado tupu, usipande kitu, subiri.

Sasa kuna swali jingine, ambalo huwa linakuja na kicheko pembeni: "Tuta moja 195,000? Si mchicha tu huu, fungu mia tano sokoni." Sawa, tufanye hesabu pamoja maana sina cha kuficha. Tuta letu la kawaida ni mita 1 kwa 3, kina sentimita 30. Hilo linameza madebe 45 ya udongo uliochanganywa, sio toroli mbili kama fundi wako wa ujenzi alivyokwambia. Kwenye kila madebe mawili ya udongo wa juu tunatia debe moja la samadi iliyoiva na nusu debe la pumba za mpunga zilizochomwa, zile nyeusi. Udongo na kuubeba toka barabarani 45,000 (na kuna nyumba Kimara kenta haifiki, tunapanda nao kilima kwa viroba), samadi na pumba 25,000, mbao za pembeni 48,000, vijana wawili siku nzima 40,000, miche na mbegu 9,000, nauli za kurudi kukagua mara mbili 10,000. Piga mwenyewe. Inayobaki kwetu ni 18,000, na hapo ni kama hakuna kiroba kilichochanika. Miche ni elfu tisa tu kwenye laki na tisini na tano, lakini mteja anachokiona ni miche, kwa hiyo anadhani laki na themanini na sita nimekula mimi.

Ndo maana watu wanaruka udongo. Wananiambia dada niletee miche tu, udongo ninao. Udongo gani? Nilishaenda nyumba moja Kinyerezi "udongo" ulikuwa kifusi cha msingi, nikichimba natoa vipande vya tofali, mifuko ya saruji na soli ya kandambili. Mama mwenye nyumba akaniambia lakini majani si yanaota. Ni kweli yalikuwa yanaota, magugu yanaota hata juu ya bati.

Kuhusu muda. Masika ya huku kwetu ni Machi mpaka Mei, na kila mwaka simu zinaanza kuita siku ile ile mvua ya kwanza inaponyesha, watu kumi na tano ndani ya asubuhi moja wanataka miche ya kesho. Miche ya sukuma wiki na chainizi inakaa kitaluni kama wiki nne, sasa wewe unaitaka kesho niitoe wapi, niivute? Oda ya masika inawekwa Februari, tuta linaandaliwa Februari likae wiki mbili litulie, mvua ikianza unapandikiza jioni, sio saa sita mchana. Na ukija kuchukua utatukuta tumeipunguzia maji na kuitoa kivulini siku saba za mwisho, usiseme tunainyima, tunaikomaza. Ile miche laini mirefu ya kijani kibichi unayoiona inapendeza barabarani imelelewa kivulini, jua la Dar la siku mbili tu imeisha.

Afu nyanya. Naomba hili niliseme mara moja na lisije kuwa ugomvi: masika sikuuzii miche ya nyanya ya kupanda nje. Kuna kaka alinikasirikia kabisa kwamba namkatalia hela yake, akaenda akanunua mingine, mwezi wa tano akanitumia picha, majani yameungua meusi utadhani kapitisha moto, na ilimchukua siku tatu tu toka aone doa la kwanza. Mvua kila siku, majani hayakauki, ukungu unatamba. Nyanya sia Mei, pandikiza Juni kipupwe kikiingia, hapo tuongee. Masika panda matembele, majani ya maboga, kunde, mnafu, na bamia ukilowesha mbegu usiku mmoja. Mchicha pia, ila weka matandazo, nyasi kavu tu zinatosha, la sivyo matone yanarusha udongo kwenye majani na utakuwa unakula mchanga.

Sasa na mimi nikiri la kwangu, maana sio kila lawama ni ya mteja. Mwaka juzi tulimfungia mzee mmoja wa Mbezi Beach matuta manne, kazi safi, udongo wetu, samadi yetu, akataka maharage ya kijani tuta zima moja. Wiki ya tatu majani yakaanza kukauka pembeni, juu ya udongo kukawa na ungaunga mweupe. Mzee mstaarabu sana, hakupiga kelele, alisema tu "mwanangu, nyie ndo wataalamu." Nikaonja maji ya kisima chake, chumvi tupu. Hatukuuliza anamwagilia maji gani, tulidhani ya bomba. Maharage hayavumilii chumvi hata kidogo, mchicha na spinachi vinajitahidi. Tukaling'oa tuta lile tukapanda spinachi kwa gharama yetu, na tukamwekea jaba la kukinga maji ya mvua toka kwenye paa, jaba alinunua yeye. Tangu hapo kabla ya kupima eneo naomba glasi ya maji unayomwagilia na naonja, wateja wengine wanashangaa wanadhani nina kiu.

Na kitu kingine tunachoangalia ambacho watu wanaona tunazuga ni ukuta. Machi jua liko utosini, kila mahali panawaka, unachagua pembeni pa ukuta kwa sababu ndo pako wazi. Juni jua linahamia kaskazini, na kama ukuta wa futi nane uko upande huo, saa sita mchana kivuli chake kinafika karibu mita moja na nusu, yani tuta lako lote liko ndani ya kivuli. Kwa hiyo nikisema tusogeze tuta katikati ya uwanja pale gari linapogeuzia, sina nia mbaya na gari lako.

Dada wa Tabata hatukumrudishia hela. Tulimpa miche 30 kwa nusu bei na nikamfundisha kopo la mchicha. Juzi katuma picha, mchicha wa kwenye kopo umechomoza siku ya nne, chini kaandika: "Sa hiyo nusu bei nyingine inaisha lini?"

Oda za miche ya masika tunafunga Ijumaa ya mwisho ya Februari. Kupima eneo ni bure kwa Kinondoni, Ubungo na Ilala, Kigamboni unachangia nauli ya pantoni na bajaji. Siku ya kupima acha maji kwenye glasi, na kama una mbwa tafadhali mfunge kabla sijagonga geti, sio baada.